Deni la Jicho

Pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, vijiji vinavyouzunguka mji wa Bariadi huingia katika msimu wa mbina. Ngoma ya Wasukuma si burudani ya jioni moja. Ni mashindano ya vyama, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, na kwa desturi ushindi huonekana katika wingi wa watu ambao kila chama kimewavuta upande wake. Kwa sababu hiyo kila chama hutafuta jambo la kuwashangaza watazamaji. Miongoni mwa wachezaji hao wamo Bayeye, mafundi wa nyoka. Mmoja wao huingia uwanjani na chatu mabegani, au hufungua kikapu akamtoa nyoka mwenye sumu, akamwinua mbele ya uso wake na kusema naye kama mtu asemavyo na mtoto mtundu. Umati husogea hatua moja mbele, kisha hurudi mbili nyuma. Watoto hupanda miti. Wapo waliotembea tangu alfajiri ili wayaone hayo, na hapana anayewauliza kwa nini wameijia njia yote hiyo kukitazama kitu ambacho, lau wangekikuta peke yao shambani, wangekikimbia au wangekiua.

Mbali mno na huko, katika nchi ya Wales, baina ya miji midogo ya Dolgellau na Machynlleth, yapo mabonde ambamo ndege za kivita za Uingereza, pamoja na zile za Marekani zenye kambi Uingereza, hufanya mazoezi ya kuruka chini chini. Wapenzi wa ndege wameyapa mabonde hayo jina la Mach Loop, na wengi hudhani kwamba neno la kwanza ni lile la kupimia mwendo wa sauti, kumbe ni kifupi tu cha jina la mji. Ndege hizo huruhusiwa kushuka hadi kiasi cha mita 76 kutoka ardhini. Watazamaji hupanda mlima kabla ya jua kuchomoza, na kamera zao zenye lenzi ndefu, na chupa za chai, na redio ndogo za kunasia mazungumzo ya marubani. Hukaa katika mvua na upepo kwa saa nyingi, na pengine hurejea jioni hawakuona kitu. Na ndege ikija, haipiti juu ya vichwa vyao kama ipitavyo kwa watu wengine duniani. Hupita chini ya miguu yao. Mtu aliyesimama pale humtazama rubani kwa juu, huiona kofia yake, na mara nyingine huuona mkono wake ukiinuliwa kumsalimu. Huko Axalp katika milima ya Uswisi, kwa miaka mingi maelfu ya watu wamekuwa wakipanda zaidi ya mita 2,000 katika mwezi wa Oktoba ili kutazama jeshi la anga la nchi hiyo likilenga shabaha kwa mizinga ya ndege.

(Kiswahili kimewaita kwa jina moja viumbe wa Mungu na mashine za binadamu, na anayesikia kuwa wapo watu wanaosafiri kwenda milimani kutazama ndege anaweza kudhani ni wale wanaowafuata korongo na heroe. Wala kosa lake si kubwa, kwani uvumilivu wa makundi hayo mawili ni mmoja, na vijitabu vyao vya kuandikia vinafanana.)

Swali lenyewe ni jepesi kuuliza. Je, jicho lina hatia gani linapofurahishwa na umbo la kitu kilichotengenezwa ili kuua? Mtazamaji wa Wales, akiulizwa, aghalabu hujibu kuwa yeye anaipenda ndege, vita havipendi. Anapenda mstari wa ubawa, mngurumo unaomtikisa kifuani, ustadi wa kijana anayeipitisha tani nyingi za chuma katika mwanya wa mlima. Jawabu hilo halifai kudharauliwa. Watu wa pwani wameyatundika majambia ukutani, ala zake zikiwa zimenakshiwa kwa fedha, na hawakuitwa wauaji. Wahenga nao wamemwachia mtazamaji udhuru: macho hayana pazia. Kilichopita mbele yake kimeonekana, na uzuri, ukiwapo, umemjia bila ya kuitwa.

Lakini udhuru huo unamfaa mpita njia. Aliyelipa nauli, akalala hotelini, akaamka saa tisa za usiku na kupanda mlima, huyo pazia amelifungua kwa mkono wake.

Immanuel Kant, katika kitabu chake juu ya hukumu kilichotoka mwaka 1790, alieleza kwamba miamba inayoning'inia, radi, dhoruba na volkano hutuvutia kadiri zinavyotisha, ila kwa sharti moja, kwamba mtazamaji awe mahali pa salama. Sharti hilo limetajwa kwa maneno machache, nalo ndilo lililobeba uzito wote. Usalama ndio unaoigeuza hofu kuwa ladha. Katika wilaya ya Meatu, upande wa mkoa wa Simiyu unaopakana na nyika za Serengeti, sharti hilo halihitaji kitabu cha falsafa. Mgeni aliyetoka Ulaya hukaa ndani ya gari na kumtazama simba akimla nyumbu, na hutokwa na machozi kwa uzuri wa mambo. Mfugaji aliyeko ng'ambo ya mpaka wa hifadhi, ambaye zizi lake limevunjwa usiku, amemwona simba yule yule. Haiwezekani kusema kwamba mmoja ana jicho la uzuri na mwenziwe hana. Kilichowatenga ni bati la gari.

Unguja inalo somo lake katika jambo hili. Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896 na Khalid bin Barghash akaingia katika kasri, manowari za Waingereza zilijipanga mbele ya Forodhani, na zilipotimia zilikuwa tano. Yeyote aliyekuwa pwani siku hizo aliziona: vyombo vilivyopakwa rangi safi, shaba ikimetameta, mabaharia wamepanga safu. Asubuhi ya tarehe 27, mara baada ya saa tatu, vyombo hivyo vilianza kupiga, na katika muda usiotimia saa moja watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Manowari za saa mbili na manowari za saa tatu zilikuwa ni zile zile, na jicho lililozitazama lilikuwa lile lile. Ni sharti la Kant tu lililokuwa limeondoka.

Watu wa Kanda ya Ziwa wamepitia hali hiyo na wangali hai kuisimulia. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Idi Amin aina ya MiG ziliupiga mji wa Bukoba. Baadaye marubani wake walijaribu kulivunja daraja la Kyaka juu ya mto Kagera kwa mabomu, wakashindwa, na mwishowe likaangushwa kwa baruti iliyofungwa na watu waliokuwa chini. Mwanza, mji mkubwa ulio jirani na Simiyu, ulikuwa na uwanja wa ndege za kivita za Tanzania, na vijana wa wakati ule walizijua kwa sauti kabla ya kuzijua kwa macho. Halafu, tarehe 29 Machi 1979, Muammar Gaddafi, aliyekuwa akimsaidia Amin, alituma ndege moja aina ya Tupolev Tu-22 kuulenga mji huo, na shabaha yake ikiwa ni maghala ya mafuta.

Tu-22 ni chombo ambacho wapenzi wa ndege hukizungumza kwa mapenzi. Ni kirefu na chembamba, kinakwenda kasi kuliko sauti, na injini zake mbili zimekaa juu ya mkia, mahali ambapo hapana aliyezoea kuziona. Siku ile kiliukosa mji. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, miamba michache ndani ya Ziwa Victoria iliyokuwa makazi ya wanyama tangu miaka ya 1960, na ambayo mwaka 2013 ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo na wanyama kadhaa wakafa. Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi kwa kicheko: bomba la Gaddafi limekwenda kuwaua swala. Kicheko hicho ni cha watu walionusurika, na ni haki yao. Ila haifai kusahauliwa kwamba umbali uliowanusuru ulikuwa ni kosa la hesabu la mtu mmoja aliyekuwa juu sana, asiyeweza kuona tofauti ya mbuzi wa Mwanza na swala wa Saanane.

Libya nayo iliipata zamu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1986, ndege za Marekani zilizoondoka Uingereza, pamoja na zile za kambi ya Lakenheath, ziliupiga mji wa Tripoli. Mwaka 2011 ndege za kambi hiyo hiyo zilirudi katika anga ya Libya, na Typhoon za Uingereza zikaingia vitani kwa mara ya kwanza katika vita hivyo. Lakenheath na Typhoon ni majina yanayotajwa kila siku katika vilima vya Mach Loop. Mtazamaji wa pale huijua namba iliyoandikwa mkiani, hukijua kikosi, pengine hulijua na jina la utani la rubani. Swali ambalo kwa kawaida haliandikwi katika kijitabu chake ni ndege hiyo ilipokuwa haionekani Wales ilikuwa wapi, na nani aliyeitazama huko kwa chini.

Hapa ndipo penye lawama, ikiwa ipo. Furaha ya jicho haina kosa. Hata Bayeye na watazamaji wao wanaifurahia. Kosa ni kuikata picha kwa mkasi, kuibakisha nusu ya ndege inayopinda bondeni na kuitupa nusu inayofika. Anayefanya hivyo hasemi uwongo juu ya anachokiona. Anasema uwongo juu ya kitu chenyewe, kwa kuwa ndege ya kivita haikuchorwa vile kwa ajili ya kupendeza. Ubawa wake umenyooka hivyo ili ufike kabla haujasikika. Uzuri wake na ukali wake ni jambo moja, kama ulivyo mwendo wa chatu, na mwenye kuupenda mmoja bila ya kuujua mwingine hajaipenda ndege. Ameipenda picha aliyojichorea.

Atasema mpingaji kwamba huku ni kumtwisha mtu mzigo usio wake. Jicho si mkono. Fundi anayelehemu ubawa, mbunge anayepitisha bajeti, afisa anayetoa amri, rubani anayebonyeza kitufe, wote hao wamo. Mzee mstaafu mwenye kamera hamo. Hoja hii ina nguvu, na kwa kiasi fulani ni ya kweli. Ingekuwa ni upuuzi kumfananisha na aliyetoa amri. Hata hivyo hoja hiyo inadhani kwamba kutazama si kitendo, na serikali zenyewe hazijawahi kuamini hivyo. Tanzania, kama nchi nyingi, hairuhusu kupiga picha maeneo ya kijeshi, na ndiyo sababu mchezo huu haukuota mizizi kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki. Mtu hutazama ndege zikipita siku ya sherehe ya Uhuru, basi. Mwezi wa Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa Ugiriki baada ya kwenda kutazama ndege katika kambi ya Kalamata. Mwezi wa Aprili 2002 walitiwa hatiani, wengine kwa ujasusi na wengine kwa kusaidia, na ilipofika Novemba rufaa ikawaachia huru. Wenyeji wao hawakuweza kuamini kwamba mtu mzima angesafiri nchi nyingine aandike namba za ndege kwa furaha tu. Dunia nzima iliwacheka maafisa wa Kigiriki. Lakini maafisa wale walikuwa wamelielewa jambo moja ambalo watazamaji wenyewe walikuwa hawajalielewa, kwamba anayeona na kuandika ni shahidi, apende asipende.

Ushahidi huo ulikuja kudhihirika katika miaka iliyofuata. Baada ya Septemba 2001 idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, ilikuwa ikiwasafirisha mahabusu kwa siri kutoka nchi hadi nchi, katika ndege zilizosajiliwa kwa majina ya kampuni zisizojulikana. Waandishi wa habari walipoanza kuzifuatilia, sehemu ya walichokuwa nacho mkononi ni picha na namba zilizokusanywa na wapenzi wa ndege waliosimama nje ya ua wa viwanja vya Ulaya, watu ambao hawakuwa na habari wanaandika nini. Mmoja wa waliopitishwa katika mkondo wa safari kama hizo ni Mtanzania, Suleiman Abdullah Salim, aliyekamatwa Mogadishu mwezi wa Machi 2003 na kuishia Afghanistan, akazuiliwa zaidi ya miaka mitano bila ya kushitakiwa kwa kosa lolote, hata alipoachiwa mwaka 2008. Mwaka 2015 yeye na wenziwe waliwashitaki wanasaikolojia wawili walioubuni utaratibu wa mahojiano yale, na mwezi wa Agosti 2017 kesi ikamalizwa kwa mapatano. Hapana anayedai kwamba kijitabu cha mtazamaji ndicho kilichomfungulia mlango. Hata hivyo, mtu aliyesimama na kamera yake katika baridi, akiamini kuwa anajifurahisha, alikuwa ameishika ncha ya uzi ambao mwisho wake mwingine umefungwa katika mkono wa mtu.

Simiyu, kwa upande wake, imelijua zaidi jicho la ndege linalotazama chini. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja kutoka Ujerumani na ndege ndogo aina ya Dornier waliyoipaka milia ya pundamilia, na mwaka 1958 wakaruka juu ya nyika za Serengeti wakiwahesabu wanyama. Walipata 366,980. Hesabu za miaka iliyofuata zilionyesha kuwa nyumbu walikuwa wengi mno kuliko walivyohesabiwa, kwa hiyo hata jicho la angani huona kwa kiasi chake. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa. Amezikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Ndege imeuawa na ndege, msiba ambao lugha nyingine haiwezi kuueleza kwa ufupi huo. Baba alikimaliza kitabu, filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na dunia ikaamini kwamba Serengeti haipaswi kufa.

Grzimek hakuwa mtazamaji wa kukaa mlimani na chupa ya chai. Alichokipenda kilimfunga, akakifanyia kazi, akamtoa mwanawe. Pamoja na hayo, kwa jicho la juu, nyumbu walionekana vizuri na watu hawakuonekana isipokuwa kama hatari kwa nyumbu. Mwaka 1962 upande wa Wasukuma likatengwa pori la akiba la Maswa kuwa kinga ya hifadhi, na mpaka wake ukarekebishwa zaidi ya mara moja, ukivutana na mashamba na malisho. Aliyekuwa akichunga chini, akiinua uso na kuiona ile ndege ya milia, huenda naye aliiona nzuri. Hakujua kuwa inachora mstari.

Tarehe 29 Januari 2016, katika pori hilo hilo, Roger Gower, rubani Mwingereza mwenye umri wa miaka 37 aliyekuwa ameuacha uhasibu wa London, alikuwa akiendesha helikopta kuwatafuta majangili, akishirikiana na askari wa wanyamapori. Mizoga ya tembo ilikuwa imeonekana. Mtu aliyejificha chini alipiga bunduki, risasi ikapenya sakafu na kumpata. Akajitahidi kuishusha helikopta, na mwenziwe akaokoka. Yeye alifariki kabla ya msaada kufika. Hakuna falsafa inayoweza kumtetea aliyepiga risasi ile, na tembo waliouawa hawakuwa na ugomvi na mtu. Lakini tukio lile liliwaonyesha wengi walioko mbali kwamba anga ya Simiyu haikuwa mahali pa kutazamia tu, wala waliokuwa juu hawakuwa wamekaa nje ya mambo ya waliokuwa chini.

Kwa hiyo si bidii inayolilipa deni la jicho, maana Grzimek alikuwa nayo tele. Wala si hofu, kwani mwaka 2019, katika korongo la Death Valley huko Marekani ambako wapenzi wa ndege walizoea kuzipiga picha ndege za kivita kwa karibu, ndege moja ilijigonga ukutani, rubani akafa na watazamaji saba wakaumia, na walio wengi wakatafuta kilima kingine. Bayeye wamelishughulikia deni hilo kwa njia isiyotangazwa. Chama chao hakikuanza kwa ajili ya ngoma. Ni chama cha dawa. Anayeingia hufundishwa mizizi na majani ya kutibu sumu, na huchanjwa, kabla ya kupewa nyoka wa kucheza naye. Na kijiji kinamjua kama mtu wa kumwendea usiku, mkulima anapoumwa katika pamba. Kama dawa hizo zinafaa sawasawa na sindano ya hospitali ni swali la waganga na madaktari. Linalohusu hapa ni kwamba mtu anayemwinua nyoka mbele ya umati anawajua kwa majina walioumwa na nyoka.

Mtazamaji wa Wales hawezi kumtibu mtu wa Tripoli. Anaweza, akitaka, kulifungua daftari lake katika ukurasa ulio mbele ya namba ya mkiani, akaandika ndege hiyo ilikwenda wapi mwaka ule na nani alikuwa chini yake. Wengine hufanya hivyo, na hawakuacha kupanda mlima.

Ngoma ya Bariadi humalizika jua linapozama. Mchezaji humrudisha nyoka kikapuni, hufunika, hufunga kamba mara mbili na kuijaribu kwa kidole. Vumbi hutua. Watu waliokuja kwa miguu hushika njia za mashambani kurudi makwao, wakisimuliana walivyoona, na giza likishaingia hunyamaza kidogo, humulika tochi, na kila mmoja hutazama anapokanyaga.